Choo cha Wageni Kilichokuwa Kikihesabu Watoto

Walisema choo kinahesabu watoto.

Ndiyo, choo. Usicheke. Mimi nilicheka, mpaka msusi wangu akanivuta nywele ninyamaze.

"Cheka tu, mama Kitinda," akaniambia. "Kila mvua ikinyesha, kile choo kipya cha shule kinahesabu. Dubwi. Dubwi. Siku hesabu ikitimia, kinachukua mmoja."

"Kinachukua nani?"

"Mtoto atakayekanyaga mle ndani."

Nilirudi nyumbani kichwa kimesukwa vizuri kwa nje, ndani kimefumuka chote. Maana binti yangu, kitinda mimba wangu, anasoma shule hiyohiyo.

Choo chenyewe tuliletewa na mradi. Watu wa maji na usafi walikuja na magari yao, wakachimba, wakajenga. Vigae vyeupe ukutani, sakafu ya zege, tangi la kukinga maji ya mvua, bomba la kunawia mikono ndani kwa ndani. Nyumba zetu wenyewe hazina vigae. Siku ya kukabidhiwa tulipanga foleni kuchungulia kama watu wanaotazama bibi harusi.

Ndipo mwenyekiti wa kamati ya wazazi akasimama.

"Ndugu wazazi, watoto wetu mnawajua. Tukiwafungulia hiki, mwezi hauishi kitakuwa kama kile cha zamani. Wafadhili wakirudi, sura tutaificha wapi?"

Tukapiga makofi. Nani hana vikombe vya kabatini, vile vya wageni, ambavyo watoto hawavigusi? Basi ikawa hivyo. Kufuli likatiwa. Watoto wakaendelea na kile cha mabati kule nyuma, wao na nzi wao.

Kila mwaka mkaguzi alikuja kupima kama mradi umedumu. Siku hiyo kufuli linatoka asubuhi, vigae vinafutwa vumbi, na mtoto mmoja nadhifu anachaguliwa aingie, atoke, anawe mikono kwa maji ya jagi mbele ya wageni. Picha. Makofi. Mkaguzi anaondoka anatabasamu, kufuli linarudi kazini.

Mwaka huu mtoto nadhifu akawa wa kwangu.

"Mama, nimechaguliwa!" Kitinda aliingia mbio, madaftari yanamwagika. "Nitaingia choo cha wageni!"

Nikashika ukuta.

Baba yake alikuwa anavua viatu. Nilipomweleza yale ya msusi akacheka. "Jini mwenye akili zake achague kukaa chooni? Hata shetani ana pua, mama Kitinda."

"Hicho hakinuki, baba Kitinda. Hakijawahi kutumiwa."

Kiatu kimoja kikabaki mkononi mwake. Hata yeye jibu hilo hakulipenda.

Jioni ile mvua ilinyesha; ilipokatika nilijifunga kanga, nikaenda shuleni. Shule ilikuwa imeshafungwa, uwanja mtupu. Nikaweka sikio kwenye mlango wa kile choo.

Kimya.

Halafu, dubwi.

Kama koo la mtu anayemeza. Nikasubiri. Dubwi. Mara hii niliisikia kwenye nyayo kabla ya masikio.

Mguu niponye! Sikusimama mpaka kwa mwenyekiti.

"Kifungue tuone kuna nini."

"Ufunguo ni wa siku ya wageni."

"Mwenyekiti, nimesikia kwa masikio yangu."

"Na mimi nakusikia wewe." Akashusha sauti. "Mama, tumeahidiwa kisima. Ukitangaza kwamba choo chetu kina mashetani, kisima kinakwenda shule nyingine. Unataka hivyo?"

Ili kunituliza, kesho yake aliileta kamati nzima. Wakasimama mbele ya mlango, wakakiombea. Kwa nje. Kufuli liko palepale, linawatazama.

"Sasa roho itulie," akaniambia.

Haikutulia.

Siku ya ukaguzi ikafika. Mkaguzi alikuwa yuleyule wa mwaka jana, mama wa makamo, na safari hii alikuja na fundi bomba wake. Mwenyekiti alivaa koti.

"Karibu uone mwenyewe, mheshimiwa. Kiko vilevile mlivyokiacha!"

Mlango ukafunguliwa. Kitinda akaitwa. Akatoka mstarini, soksi nyeupe, utepe kichwani, anatembea kwa madaha kama mwenye nyumba.

Hapo harufu ikanifikia. Haikuwa ya choo. Ilikuwa ya udongo mbichi, ile unayoisikia makaburini kabla maiti hajateremshwa.

Sijui nilivukaje ule uwanja. Nilimdaka mwanangu kwa ukosi mguu wake ukiwa hewani, kifungo kikaruka.

"Mama, unaniaibisha!"

"Bora aibu."

Watu wakaanza. "Huyu ana nini?" "Si yule wa mashetani?" "Mpeni maji anywe!" Walimu walicheka mpaka wakashikana mabega.

Mwenyekiti naye alicheka, lakini jasho lilikuwa linamtoka. "Samahani, mheshimiwa. Akina mama wetu na hadithi zao. Tazama!" Akaingia, akasimama katikati, akapiga sakafu kwa kisigino. "Zege hili! Hata tembo..."

Tembo hakumalizika.

Sakafu ilishuka naye. Wala hakukuwa na kishindo kikubwa. Ilikuwa ileile dubwi ninayoijua, ila hii ilikuwa ndefu. Tukabaki tunaona mikono miwili imeng'ang'ania kizingiti.

Wababa walimtoa kwa kamba ya bendera. Mguu umevunjika, matope mpaka kifuani. Matope matupu. Kinyesi hata chembe. Shimo lilikuwa safi kama siku lilipochimbwa.

Fundi bomba akalala kifudifudi, akamulika tochi. Bomba la kunawia lilikuwa limechomoka chini ya sakafu. Kila mvua, tangi lilikuwa linajimwaga ukutani mwa shimo, na udongo ulikuwa unabanduka, bonge moja moja, unaangukia majini.

"Kama kingetumika," akasema bila kutuangalia, "siku ya kwanza tu mtu angelalamika kwamba bomba halitoi maji."

Mkaguzi alikaa kwenye ngazi ya darasa. "Mwaka jana nilikipa alama zote," akasema. "Nilipenda kilivyo kisafi. Sikuuliza nani anakitumia."



Jioni nikaenda kwa msusi. "Mwenzangu, ulisema kweli. Mashetani yako yameniokolea mtoto."

Mikono yake ikasimama kwenye kichwa cha mteja.

"Mashetani gani? Nilitunga."

"Ulitunga?"

"Nilipita nyuma ya kile choo nikaona ufa, mkono unaingia mzima mzima. Nikaenda kusema kwenye kamati. Mwenyekiti akaniambia nisuke nywele, ujenzi niwaachie wenyewe. Ukweli ukakosa masikio, nikauvika mapembe. Nilijua mapembe mtayaogopa."

"Na ile hesabu?"

Akaweka kitana chini.

"Hesabu sikutunga mimi. Hiyo nimeitoa kwa watoto. Kila baada ya mvua, wakati wa mapumziko, walikuwa wanakaa kwenye ule ukuta, wameegemea, wanahesabu milio. Ulikuwa mchezo wao. Huyo Kitinda wako ndiye aliyekuwa anawahesabia kwa sauti."

Nilirudi nyumbani mbio. Nikamuuliza mwanangu: mlikuwa mnafika ngapi?

"Hatukuwahi kumaliza, mama. Kengele ikilia tunaacha."

Shimo limefukiwa. Lakini mpaka leo nikitua ndoo chini, nikasikia maji yanapiga ukuta wa ndoo, huwa nageuka kumtafuta mtoto alipo.

Wazazi wenzangu, sina elimu ya kumfundisha mtu. Epukeni haya tu:

Choo cha shule chenye kufuli mchana.

Sifa ya "kiko vilevile kilivyoachwa". Kitu kinachotumika huchakaa, kikatengenezwa. Kisichochakaa, ulizeni kwa nini.

Ufunguo kukaa mfukoni mwa mtu mmoja.

Mkaguzi anayetangaza siku ya kuja, akafika, akaongea na wakubwa tu.

Kuombea mlango bila kuufungua. Ombeni, lakini fungueni.

Kumnyamazisha aliyeona ufa kwa sababu ya kazi anayofanya.

Kuogopa kunyimwa kisima kuliko kuogopa kuzika.

Na kumtanguliza mtoto. Aingie mtu mzima kwanza.