Yowe Nililolipiga Jikoni

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na moja, shida ilitufikia, na mpaka leo nikisikia harufu ya ugali wa mtama ulioshika chini ya sufuria naikumbuka. Tulihamishwa kutoka kwenye tembe letu, tukapelekwa kijiji kipya cha Ujamaa kando ya barabara, si mbali na Ihanja. Baba alilala chini ya paa ambalo halijamalizwa, mvua ya kwanza ikamnyeshea, akakohoa majuma mawili akafa. Jirani na kijiji palikuwa na chuo cha wakulima. Kaka yangu Mathayo alikuwa anasoma hapo, akamsemea mama, mama akapewa kazi ya kupika. Mimi nikaacha shule darasa la tatu nikawa naosha masufuria. Sisemi hivyo nionewe huruma. Nasema ilivyokuwa.

Jiko la chuo lilikuwa banda la udongo lenye mlango wa mabanzi, mafiga matatu makubwa, na magunia ya mtama yamepangwa ukutani. Asubuhi wanafunzi wote walishuka bondeni kupalilia, akibaki mmoja tu wa zamu ya kuni. Siku ninayoieleza, zamu ilikuwa ya Elia, Mnyiramba wa huko juu upande wa Shelui, kijana mrefu, mwenye mbio kama swala. Alikuwa mtani wangu. Kila akileta mzigo wa kuni alichungulia mlangoni: "Wewe Mnyaturu mdogo, ukoko wangu uko wapi? Au umeula kwa mlenda, maana ninyi hata mawe mnayatelezesha nao?" Nami nilimjibu, "Mnyiramba hali ukoko, anakula na sufuria." Mama alikuwa anacheka. Baada ya baba kufa, Elia ndiye aliyekuwa anamchekesha mama.

Lazima nieleze habari ya yowe, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Kwetu yowe lilikuwa na sheria. Ukiona hatari unapiga. Anayelisikia anatupa jembe, anashika alichonacho, anakimbilia sauti inakotoka, na njiani naye analipokea na kulipiga, likaenda hivyo kilima kwa kilima. Ng'ombe walioibwa walirudi kwa yowe. Fisi aliyembeba mtoto alimwacha kwa yowe. Asiyelipiga au asiyelikimbilia alitozwa mbuzi, wazee wanamla. Lakini yowe likipigwa mara moja likakatika, watu husema, aa, mtoto kaona nyoka, wanaendelea na kazi zao.

Jua lilikuwa limepanda, nafagia mlangoni, akapita baba mmoja mfugaji wa vitongoji vya jirani. Tulimwita mzee Ntandu. Alikuwa na upinde na podo la mishale, na hilo halikunishtua, wachungaji wote walitembea hivyo. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akasimama, akaitikia vizuri kabisa, "Marahaba mwanangu. Karani wa stoo yupo?" Nikamwonyesha kwa kidole: "Yupo, anapima mbegu." Akashukuru akaenda. Ng'ombe wake walikuwa wameingia shamba la chuo, wakafungiwa kwenye zizi la chuo siku nyingi, na mmoja akafia humo. Nani alikuwa na haki sijui, na wala sitajidai kujua. Nilichoona ni karani akitoka stoo kinyumenyume, na mshale umesimama kifuani mwake kama mti uliopandwa.

Nikapiga yowe. Sikufikiri, kwetu hakuna anayefikiri, mdomo hufunguka wenyewe. Lilitoka moja, refu, likashuka bondeni. La pili halikutoka, kwa sababu mama alinikamata kwa nyuma, akanisokomeza mdomoni kitambaa cha kushikia sufuria, kikiwa bado cha moto na kina masizi. Akaniburuta ndani. Akafunga mlango, akaegemeza kinu, juu yake gunia, na gunia jingine. Akaninong'oneza Kinyaturu, nami naiandika kwa Kiswahili: "Njia ya kutoka bondeni ni nyeupe, haina hata kichaka. Ukilipiga tena, watapanda wote kwa mstari, na Mathayo wa kwanza. Mtu yule ana podo zima." Tukalala nyuma ya magunia, mbali na mlango. Mshale wenye sumu unapenya mabanzi, kwenye gunia la mtama unazama unabaki humo. Mama hakufundishwa hayo na mtu yeyote. Aliangalia tu, akajua.

Mshale mmoja ulikuja kweli mlangoni, ncha ikachomoza ndani. Kisha tukasikia mzigo wa kuni ukianguka nyuma ya jiko, na sauti ya Elia: "Wapi? Wapi?" Alikuwa karibu mno, yowe moja lilimtosha. Mama akasogeza mdomo kwenye ufa wa ukuta, akasema, "Elia, lala chini! Usije!" Na mtoto yule mwenye adabu akasimama, akainama kuelekea ukutani ili amsikie vizuri, akauliza, "Unasemaje, mama?" Mshale ukamkuta ameinama hivyo hivyo.

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Hawakusema kichwa cha nani.

Tulikaa humo mpaka jua la utosi. Chini bondeni wanafunzi walikuwa wamesimama kusikiliza, yowe halikurudi, wakainama wakaendelea kupalilia, na Mathayo kati yao. Mwalimu mmoja alitokea dirisha la nyuma la ofisi, akawazungukia huko huko akawazuia, kisha akaita mgambo wa kijiji. Walipofika, mzee Ntandu alikuwa amekaa chini ya mlingoti wa bendera, upinde mapajani, mishale tisa imebaki kwenye podo. Aliutoa upinde bila ubishi. Nasikia alikuwa anasema, "Nilidhani watakuja." Karani alikufa pale pale. Elia alikufa kwenye trekta la chuo, njiani kupelekwa hospitali.

Baada ya mazishi baraza la wazee wa kijiji likakaa. Mimi nilisifiwa. Mama alishtakiwa. Mzee aliyeongoza akamwambia, "Mwanamke, yowe halizimwi. Likishatoka si la mwanao tena, ni la nchi." Mama akajibu, "Ningeliacha, leo mngekuwa hamna mtu wa kuchimba makaburi." Mzee akasema, "Labda. Lakini mila inasema mbuzi." Mama alikuwa na mbuzi mmoja tu, jike jeusi lenye mimba, ndilo baba alilotuachia. Akasema, "Mchukueni. Mwakani mkipata akili mtanirudishia." Wakacheka, wakamchinja. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyepiga yowe, nikaitwa mbele ya watu nikapewa ini. Nilikula lote. Nilikuwa na njaa. Mama alikuwa ananiangalia, na habari ya ini lile hakuitaja mpaka tunamzika.

Mjukuu wangu anasoma chuo Dodoma. Likizo iliyopita alinisimulia kuwa wamefundishwa, mtu mwenye silaha akiingia chuoni, wafunge mlango, waegemeze meza, walale mbali na dirisha, wazime simu, wakae kimya. Alidhani ananiambia jambo jipya. Nikamwambia hayo niliyafundishwa kwa kitambaa cha sufuria, na mwalimu wangu hakujua kuandika jina lake. Yowe siku hizi halipigwi sana, watu hupiga simu. Sisikitiki. Dawa ya fisi haikuwa dawa ya kila kitu, na sisi tulichelewa kulijua hilo.

Maisha nilianza kwa kuuza maandazi stendi ya Manyoni, hakuna aliyenisaidia. Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba sita. Nina mashine ya kukamua alizeti, na mlango wake ni wa chuma. Nina ekari ishirini na mbili, ng'ombe kumi na wanne, na kisima. Kuku sijawahesabu. Mbuzi sifugi, na ini silili.