Miche ya Chemchemini

Malori ya mbao yakisimama hapa Makambako, harufu ya mlingoti mbichi, ambao wengine huuita mkaratusi, hunirudisha kijijini kwetu Yakobi, siku niliyotoka shule na miche mikononi.

“Mama, leo tumefundishwa uhifadhi. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, maana yake kulinda kitu kisipotee. Hii naipanda kwenye chemchemi.”

Mama alikuwa analima kinyungu, bustani yetu ya bondeni, tope baridi likimfika magotini.

“Milingoti haipandwi penye maji, mwanangu.”

“Mwalimu amesema tupande!”

Akanitazama, kisha akanichimbia mashimo.

Miti ilipokua, ilikunywa maji mpaka chemchemi ikakauka. Mama akawa anachota ng'ambo ya kilima, ndoo kichwani, hadi uzeeni. Wageni walipouliza nani alipanda milingoti pale, alijibu kabla sijafungua mdomo: “Ni mimi.”