Kipande Kwenye Kopo la Laban

Nakumbuka Ijumaa moja, nikiwa bado mgeni hapa Doha kama ulivyo wewe leo, mwanangu, niligombezwa jikoni kwa sababu ya kipande cha mmea.

Nilikuwa mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba moja mtaa wa Abu Hamour. Madam alikuwa na mmea wa misitu ya mvua, majani yake ya kijani kilichokolea, laini kama mahameli. Kuyafuta kwa kitambaa kibichi ilikuwa marufuku. Vumbi tuliliondoa kwa brashi. Alipoupogoa alinipa kipande chenye kifundo kimoja, pale mizizi inapotokea. Nikakipanda kwenye kopo tupu la laban, yale maziwa ya mgando ya hapa, na kulifunika kwa mfuko wa nailoni, maana AC za hapa hukausha mpaka mate mdomoni.

Binti yangu nilikuwa nimemwacha Muheza kwa mama yangu, yuko kidato cha pili. Kila jioni nampigia: umesoma, umetoka wapi, huyo anayecheka nyuma yako ni nani? Mwishowe akawa hapokei. Simu inaita mpaka inakata. Niliogopa kwamba nampoteza, nikazidi kupiga, na nililala nimechoka mwili na roho.

Na kile kipande nacho, kila asubuhi nilikichomoa kuona kama kimetoa mizizi. Ndivyo alivyonikuta Bi Zuhura, mpishi wetu wa Kipemba, mtu mzima asiye na haraka.

"We mwana, wakifanyani hicho?"

"Naangalia kama kimeshika, Bi Zuhura."

"Kitashika vipi nawe kila siku wakichomoa? Na mwanao ndiyo hivyo hivyo. Huzungumzi naye, wamkagua. Khalas, mwache apumue."

Iliniuma, mwanangu. Umechoka hivyo, halafu unaambiwa mapenzi yako ndiyo yanayomkimbiza mtoto. Nilikwenda kulia bafuni. Lakini jioni ile sikupiga. Nilimtumia ujumbe wa sauti kwamba nimemkumbuka, akipata nafasi anipigie, kisha nikanyamaza. Kunyamaza kule kulinichosha kuliko pasi zote za nyumba ile.

Kipande kilioza, sikudanganyi. Nilikuwa nimeshakisumbua mno.

Siku moja napiga pasi, simu ikalia, ni yeye. Hakuwa na la maana, alinisimulia kuku wa bibi yake walioingia shambani kwa jirani. Nilijizuia nisiulize mtihani. Tulipokaribia kuagana akasema, "Mama, sauti yako imechoka. Huko unapumzika kweli?"

Tangu nifike nchi hii, hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo. Nilikaa chini sakafuni.

Basi mwanangu, nawe umemwacha mtoto nyumbani, na naona unavyoishika hiyo simu. Mpigie umsikilize, usimpigie kumhoji. Mwache awe na yake ya kukuficha kidogo, ili awe na yake ya kukuhadithia. Uchovu wa kazi utauondoa kwa kulala. Huu wa kumlinda mtu kwa simu hauishi.

Mungu akupe afya na usingizi mzuri. Akurudishe kwako salama, na mwanao akuone mlangoni akukimbilie.