Jina Langu kwenye Makala ya Korosho

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa dogo kiasi kwamba naona aibu kuliandika: mtu akisoma makala ya rafiki yake na kurekebisha mikato, je, ameiandika?

Makala yenyewe ilihusu uhifadhi wa korosho Nalasi, huko Tunduru. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo ndiye aliyezunguka kwa wakulima, akaingia kwenye maghala yao, akauliza, akaandika. Mimi Nalasi sijawahi kukanyaga. Lakini jina langu lilikuwa chini ya lake, kwa sababu tulipohitimu tulikubaliana: yeye ataniweka kwenye yake, nami nitamweka kwenye yangu. Sote tulikuwa tunaomba kazi ya ukufunzi msaidizi, na asiye na makala haangaliwi mara mbili.

Kisha mhariri wa jarida akatuandikia barua pepe, kila mmoja yake. Alitaka kila mwandishi aeleze alichofanya. Niliandika kwamba nilichambua takwimu, nikafuta. Nikaandika kwamba nilitoa ushauri. Ushauri gani? Nilikumbuka nilimwambia abadilishe kichwa cha makala, naye hakubadilisha.

Nikampigia.

"Kaka, andika ulichambua," alisema. "Nani atakuja Songea kukuuliza?"

"Wakiuliza korosho zilikuwa kwenye magunia gani?"

"Utasema magunia ya korosho. Wallahi wewe unajua kujitesa. Si uliniambia kwenu mnalimiana? Leo kwako, kesho kwangu. Ndiyo hiyo hiyo."

Nilicheka, maana nilitaka awe amesema kweli. Mama yangu, dukani kwake Mfaranyaki, alikuwa ameshawatangazia wateja kwamba mwanawe ameandika juu ya korosho. Mmoja alinisimamisha barabarani kuniuliza kama bei itapanda. Nikamjibu, "Inategemea," nikaona uso unaniwaka.

Jumamosi ilikuwa zamu ya mama mdogo kupaliliwa shamba lake la mahindi Maposeni. Nilichelewa, asubuhi nzima nilikuwa naandika na kufuta jibu lile lile. Nilipofika, majirani walikuwa wamekaa kando ya shamba wanakunywa togwa.

"Shikamooni."

"Marahaba, msomi," akajibu jirani mmoja, akiangalia jembe langu safi. "Jembe nalo limekuja kunywa?"

"Mwacheni," akasema mwenzake. "Huyu anapalilia kwa simu."

Mama mdogo akanipa kikombe. "Kunywa, mwanangu. Si umekuja?"

Hakuna aliyekuwa na kinyongo, na hilo ndilo lililonishinda. Nilikishika kikombe, sikunywa. Nikakiweka chini, nikaenda kwenye pembe iliyobaki karibu na mto. Nililima vibaya. Walinipigia kelele kutoka kule walikokaa kwamba nakata mahindi, na kweli nilikuwa nimekata. Lakini kwa mara ya kwanza wiki ile kichwa kilitulia. Kulimiana nilikuwa nimekujua tangu utotoni: unakwenda na jembe lako. Sijawahi kuona mtu akitajwa kwenye shamba ambalo hakulifikia. Nililijua hilo hata siku ile nilipocheka kwenye simu.

Nilipomaliza nikarudi, nikanywa togwa yangu yote. Kisha nikajitenga kidogo, nikamwandikia mhariri kwamba sikufanya kazi ya kunifanya niitwe mwandishi, na kwamba naomba jina langu liondolewe. Kabla ya kutuma nikampigia rafiki yangu, nikamsomea.

Akauliza, "Unajua sasa watanigeukia mimi?"

"Najua. Ndiyo maana nimekupigia kabla."

"Na kazi?"

"Naitoa makala kwenye wasifu wangu. Na mimi sitakuweka kwenye yangu, kaka. Nisamehe."

Akakata simu bila kuaga. Nilikaa na kidole juu ya kioo, nikitunga sababu za kungoja mpaka Jumatatu, na zilikuwa nyingi, tena nzuri. Nikatuma. Halafu nikapanda bodaboda na udongo wangu miguuni, nikamwambia dereva anipeleke Mfaranyaki, dukani, kwa mama.