Siku Tuliyopoza Uji Usiokuwepo

Kwap, kwap, kwap. Mpaka leo nikisikia gambuti zikikimbia kwenye matope, moyo wangu unaruka. Zilikuwa gambuti za mama yangu, lakini aliyezivaa ni mtoto wa dada yangu, msichana wa miaka minne. Alikuwa anakata mbio shambani katikati ya mikahawa kwa sababu alikuwa amemwona muuguzi akipita kwa boda boda na lile boksi la chanjo.

Dada anauza dukani Embu mjini, kwa hivyo mtoto anashinda na mimi hapa nyumbani, upande wa Runyenjes. Wiki hiyo walikuwa wakichanja surua kwenye uwanja wa kanisa. Dada alinipigia simu kila jioni. "Usiniangushe. Unakumbuka vile mtoto wa jirani aliugua?" Nakumbuka sana. Kipindi hicho tulikuwa tukipita kwao tunaongea polepole.

Jumatatu akatoroka. Jumatano akajifungia chooni, nikambembeleza hadi watu wa chanjo wakaenda zao. Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho. Nilimbeba mgongoni kama gunia la viazi, gambuti zikinipiga mapajani.

"Wewe msichana, hiyo ni chanjo ama unapeleka ng'ombe mnadani?" mama mmoja kwenye foleni akaniuliza, wote wakacheka.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, na viatu vyake vilikuwa vyeupe. Kwa matope yale! Mimi niliyeachia shule kidato cha pili, na ambaye bado naota saluni yangu yenye vioo vinne, nilisimama nikaviangalia tu. Tulipofika mbele yake mtoto akapiga kelele, na si kelele tu, alikuwa na kesi:

"Anti, lakini uji nilimaliza! Nilimaliza wote! Mbona anidunge?"

Foleni ikacheka tena. Muuguzi hakucheka. Alinitazama. "Uji umeingilia wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kwetu mtoto akikataa kula anaambiwa daktari ataitwa amdunge. Kila nyumba inasema hivyo, lakini mimi nilikuwa bingwa. Pale jikoni, kando ya vikombe, nilikuwa nimeweka sirinji kuukuu isiyo na sindano, ile ya kumpa ndama dawa ya minyoo. Mtoto akisukuma kikombe, naigusa tu kwa kidole, na uji unaisha. Nilikuwa nikijiona mwerevu ajabu.

Nikamweleza muuguzi yote, na kila mama akisikia.

"Sasa usiniambie mimi," akasema. "Mwambie yeye."

Nikachuchumaa. "Nilikudanganya. Sindano si ya watoto wabaya. Hii ni ya kukuzuia kuugua. Hata mimi nilidungwa."

Aliacha kulia, akanichunguza. "Itauma?"

Karibu niseme hapana. Muuguzi akakohoa kidogo.

"Itauma," nikasema. "Kama siafu."

"Siafu mkubwa ama mdogo?"

"Wa katikati," muuguzi akajibu haraka, kama mtu anayewafahamu siafu wote wa kijiji. Akaniambia nimpakate na nikunje viganja vyangu kama bakuli mbele yake. "Huu ni uji wa anti yako. Uko moto, ataungua. Mpozee."

Mtoto akavuta pumzi, akapuliza. Fuuu. "Bado uko moto," muuguzi akasema. Fuuuu. Sindano ikaingia akipuliza. Machozi mawili yalitoka, moja likaanguka ndani ya viganja vyangu, na hakuacha kupuliza. Miaka minne! Mimi hata nikitolewa mwiba nafumba macho.

"Alikuwa mdogo," akatangaza akijipangusa pua. "Siafu mdogo."

"Nitaandika hivyo," muuguzi akamwambia, akamtia alama ya wino kwenye kidole. Yule mama wa mnada akapiga makofi. Mtoto alirudi nyumbani kwa miguu yake, kidole juu, akikionyesha kwa kila tuliyekutana naye. Nilimpigia dada simu tukiwa bado njiani.

Jioni mtoto alipokuwa akimwonyesha mama yangu kidole kwa mara ya kumi, niliingia jikoni peke yangu. Nikaitoa ile sirinji kando ya vikombe, nikaipeleka kwa kibanda cha ng'ombe, nikaisukuma nyuma ya mfuko wa chumvi.