Hasina na Mkwewe Mlimani

Hasina wa Bodo, kijiji cha pwani, alikuwa ametimiza miaka hamsini na ushei bila kupanda kitu kirefu kuliko mnazi, na huo mnazi wenyewe aliupanda utotoni, akashushwa kwa bakora. Kazi yake ilikuwa pweza. Maji yakishakupwa, yeye na wenzake huenda mwambani na vyuma vyao vya kuchokolea, raba miguuni, leso zimefungwa kibwebwe, wakapiga gumzo mpaka maji yaanze kujaa tena. Hakuna aliyemshinda kwa gumzo. Alikuwa akisema na jua, akisema na kaa, akisema na pweza mwenyewe akiwa bado shimoni.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemfunga mdomo: mkwewe.

Binti yake, Mwanarusi, aliolewa na Abdurahman Mwangangi, Mkamba ambaye wazazi wake walikuja zamani kulima kwenye skimu ya Shimba Hills. Mwangangi alikuwa amesilimu kabla ya ndoa, akasoma dini kwa bidii, na Bodo nzima haikuwa na neno naye. Ila heshima ya ukwe alizaliwa nayo. Kwao huiita nthoni: mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hampi mkono, wala hali naye, na akimwona njiani humpisha hata kama ni kuingia miibani. Sharia ilimruhusu Hasina kukaa naye kama mwanawe wa kumzaa, lakini aliona si uungwana kumvunjia kijana mila ya kwao. Basi miaka ikapita, shikamoo na marahaba za mbali mbali, kila mmoja akiangalia ukuta wake.

Mwangangi alikuwa akiongoza wageni Mlima Kenya, na yeye na mkewe walikaa Nanyuki. Mwanarusi alipojifungua mtoto wa kike, wakamwita Jumwa, Hasina akafunga safari kwenda kumlea mzazi. Arobaini ikaisha, naye hakutaja kurudi. Kila asubuhi alisimama dirishani na kikombe cha chai ya tangawizi, akiutazama mlima ukijitoa mawinguni, kichwa cheupe.

"Jumwa," akamwambia yule mtoto mchanga siku moja, kwa sauti ya kufika sebuleni, "mwulize babako, ule weupe washikika kwa mkono?"

"Jumwa," sauti ikajibu kutoka sebuleni, "mwambie nyanya yako ile ni barafu, na yashikika."

"Basi mwambie babako nyanya yako ataka kuishika."

Mwanarusi alicheka hadi mtoto akaanza kulia. Lakini mamake hakuwa akifanya mzaha. Alikwenda zahanati akapimwa presha na moyo, akaambiwa ni mzima. Akampigia simu mumewe, Mzee Chome, kumwomba ruhusa, naye akauliza huko juu kuna samaki gani. Alipoambiwa hakuna, akasema, "Nenda basi, urudi upesi," akakata simu.

Walitoka watatu: Mwangangi, Hasina, na mpagazi wao Mangi, mtu wa Msambweni aliyekuwa akibeba mizigo na kupika. Mangi ndiye aliyegeuzwa mjumbe. Mama mkwe akitaka kupumzika, humwambia Mangi, naye Mangi humwambia Mwangangi aliyesimama hatua chache tu mbele na amekwisha kusikia kila neno. Jibu hurudi kwa njia ile ile. Siku ya pili hewa ilipozidi kuwa nyepesi, Mangi akatua mzigo, akashika kiuno.

"Mama, uniwie radhi. Pumzi nilizobakiwa nazo ni za kubebea mzigo. Za kubebea maneno zimekwisha."

Jioni ile walifika kambi iliyo bondeni, vilele vya mawe vimesimama juu yake kama meno. Asubuhi iliyofuata, Mwangangi akamweleza Mangi, kwa sauti ya kusikika na mtu mwingine, kwamba leo hawahami. "Leo ni siku ya kuzoea hewa. Tutapanda hadi ziwa dogo lililo juu ya kambi, tukae kidogo, halafu tushuke tulale hapa hapa. Mwili ukishaionja hewa ya juu, kesho hautashtuka."

Wangekwenda wote watatu, kama si pimbi. Wanyama hao wanene, mfano wa sungura waliokatwa masikio, walikuwa wamejaa pale kambini bila haya yoyote. Wakati Hasina akifunga raba zake, wawili waliingia ndani ya hema na kutoka na mahamri aliyoyakaanga kwa mikono yake. Mangi aliwafukuza na mwiko, akarudi na nusu ya hamri moja.

"Mimi siendi popote," akasema. "Tukiondoka sote, jioni tutakula mawe."

Kwa hivyo mkwe na mama mkwe wakaondoka peke yao, bila mjumbe.

Mwangangi alitangulia mbali, na Hasina akafuata polepole kama alivyofundishwa, suruali ya sufu ndani ya dera, kofia ya sufu juu ya mtandio. Mimea ya huko ilimshangaza: mingine ilikuwa na majani ya kabichi, imesimama wima na kumpita kimo. Moyo ulimdunda kifuani kama ngoma ya harusi. Alitamani kuyasema yote haya, na hapakuwa na wa kumwambia.

Kwa kawaida, Mwangangi huwatazama wageni wake usoni kila mara, awaulize kama kichwa kinauma au kama wanaona kichefuchefu. Sasa angefanyaje? Alisimama akiwa ameupa mgongo ule mteremko, akaukabili mmea mmoja mkubwa.

"Kama kuna mtu anaumwa na kichwa," akauambia ule mmea, "ni vizuri aseme."

Hasina akaligeukia jiwe lililokuwa karibu naye. "Hakuna," akaliambia. "Ila kuna mtu ana kiu."

Mwangangi akaweka chupa ya maji juu ya mwamba, akasogea mbele. Hasina akaja, akanywa, akairudisha pale pale. Wakaendelea hivyo mpaka kwenye kijito.

Kijito chenyewe kilikuwa chembamba, lakini mawe yake yalikuwa yamevikwa ganda jembamba la barafu, nalo halikuonekana kwa macho. Mwangangi alivuka, akaonyesha kwa fimbo mahali pa kukanyaga. Hasina, aliyekulia juu ya miamba yenye utelezi, akatia mguu kwa kujiamini. Jiwe likamtoka chini kama sabuni. Akaketi chubwi katikati ya maji, miguu imenyooka mbele, kama mtoto kwenye karai.

Baridi ile hajawahi kuipatia jina mpaka leo. Alipofungua macho, alimwona mkwewe ameinama ukingoni, mkono ameunyoosha nusu, ameurudisha, ameunyoosha tena. Jasho lilikuwa likimtoka usoni kwa taabu aliyokuwa nayo.

"We mwanangu!" Hasina akapiga ukelele. "Nipe mkono! Haya zetu tulizibeba kutoka pwani, hazina pumzi ya kufika huku!"

Mwangangi akaingia majini na viatu vyake. Akamshika mikono yote miwili, akamvuta, akamtoa. Ilikuwa mara yao ya kwanza kugusana mikono.

"Pole, mama," akasema, akimtazama usoni. "Pole sana. Umeumia?"

"Nimeloa tu. Lakini nitaganda."

Mwongozaji akarudi katika kazi yake. Akafungua begi, akatoa taulo, soksi, kisha akasita. Ndani ya begi kulikuwa na suruali moja kavu, nayo ilikuwa yake mwenyewe.

"Mama… kuna hii."

Hasina akaitazama suruali. Akamtazama mkwewe. Akaichukua, akaenda nyuma ya jabali, na baada ya muda akatokea, dera lililoloa mkononi. Suruali ilikuwa imefika kifuani, imefungwa kwa leso, na miguu yake imekunjwa mara nyingi kama mikeka.

"Mamako akiniona hivi," akasema, "atadai mbuzi wangapi wa faini?"

Mwangangi alijaribu kujizuia. Mabega yakaanza kutikisika, kisha kicheko kikamponyoka, kikagonga kuta za mawe na kurudi. Hasina naye akacheka. Huko juu kicheko hula hewa nyingi, wakajikuta wote wawili wameketi chini, wanahema, wanafuta machozi, na kila mmoja akimtazama mwenzake wanaanza upya.

Kutoka hapo hadi ziwani Hasina hakunyamaza. Alimwuliza jina la kila mmea. Alimsimulia alivyoshushwa mnazini. Naye Mwangangi akamsimulia jinsi alivyotapika njia nzima siku yake ya kwanza mlimani, jambo ambalo hata Mwanarusi hakuwa amelisikia.

Ziwa lilikuwa kimya, la kijani, na kwenye ukingo wenye kivuli maji yalikuwa yameganda kama kioo cha dirisha. Hasina akapiga magoti, akavunja kipande, akakishika. Akakiramba. Akakiinua juani, akakitazama kikidondoka matone kwenye mkono wa fulana yake. Kisha wakatawadha kwa maji yale, wakipiga mayowe, na Mwangangi akatangulia mbele, wakasali adhuhuri na alasiri pamoja, kisafiri.

Waliposhuka kambini, Mangi aliwaona kutoka mbali, wanakuja wakibishana kuhusu namna ya kupika pweza. Akaitazama ile suruali. Akawatazama wao.

"Kumbe nimeachishwa kazi," akasema.

Kesho yake walikwenda hadi kilele cha Lenana, wakafika salama, na jua likawakuta huko. Lakini Hasina akiwasimulia wenzake mwambani, kilele hukipita kwa sentensi moja. Kijito ndicho anachokikalia, mpaka maji ya bahari yanawafika magotini na yeye hajamaliza kuigiza.

Idi iliyofuata, Mwangangi alikuja Bodo na mkewe na mtoto. Watu walizoea kumwona akiketi barazani, sahani yake ikipelekwa na watoto. Mara hii alipitia uani, akabisha hodi jikoni, akaingia. Mzee Chome alisikia sauti mbili zikizungumza kwa pamoja, akachungulia. Mkewe alikuwa akikuna nazi, na mkwewe ameketi kwenye kigoda cha pili, amejifunga leso ya mama mkwe kuilinda kanzu yake mpya, akimenya vitunguu na kulia machozi.

"Huyo amefanywa nini?" akauliza mzee.

"Hajafanywa kitu," akasema Hasina. "Nipishe mlangoni, unatuzibia hewa."