Korosho kwa Jina la Marehemu

Mimi Swaumu, mama Hashiru, sina subira na mtu anayelia huku mikono ameikunja, ndiyo maana jirani yangu Atupele nilimpenda. Mumewe Ambokile alipofariki, tukamzika hapa hapa Kibaha. Matanga yalipoisha tu, aliniuliza kama mjomba wangu wa Msimbu bado anauza korosho. Nikamwambia anauza. Wiki ile ile tulikwenda kwake kule Kisarawe tukarudi na magunia mawili.

Alikuwa na sababu ya kukimbia hivyo. Siku ya kikao cha ukoo nilikuwa nje nasugua masufuria, na masikio sikuyafunga. Wifi yake Aneth, mwalimu kule Tukuyu, alisema mbele ya wazee kwamba Adventina, mtoto wa pekee wa marehemu, mwenye miaka minane, atabaki na mama yake mpaka Desemba. Mama akiwa na kazi ya kueleweka, mtoto habanduki. Asipokuwa nayo, anakwenda kulelewa na bibi yake huko huko Tukuyu. Wazee waliitikia kwa vichwa.

Basi Atupele akabangua, akakaanga, akafunga, akauza mtandaoni. Na aliuza kweli! Mwezi wa tisa matapeli wakaiba ukurasa wake, wakaondoka na wateja wote. Mpwa wangu Firdausi, anayefanya biashara hizo mjini, akamshauri aanzishe orodha ya barua pepe.

"Dada, ukurasa unaibiwa, lakini orodha ni mali yako. Kila Ijumaa unawaandikia wateja wako. Ila wawe wamekubali wenyewe kuandikiwa, eti?"

Mfa maji haachi kutapatapa. Ile ya kukubali ilimpita. Aliingia ndani, akatoka na kitabu cha maombolezo.

Wanaotoka nje ya Kibaha huenda hawajui mambo yetu. Ofisi ya Ambokile ilileta kitabu msibani, kimepigwa mistari vizuri: jina, simu, barua pepe. Kila aliyekuja kuhani aliandika, ili familia ije imtumie neno la shukrani. Mimi pia nimo, kwa mwandiko wangu huu wa kuku. Shukrani zenyewe zilikuwa bado hazijatumwa, maana Atupele alikuwa hajapata nguvu ya kuziandika.

Alinakili anwani za watu mia mbili na kumi na wawili kwenye kompyuta ya marehemu. Programu ya kutuma barua pepe ilipodai anwani ya mtumaji, akaweka ya mumewe, kwa kuwa ndiyo pekee aliyokuwa na nenosiri lake.

Ijumaa asubuhi nilikuwa natwanga kisamvu, simu ikalia. Ambokile ameniandikia. Mchi ulinitoka mkononi. Nikafungua, nikasoma: "Ndugu yangu, siku nyingi. Bado nakukumbuka. Nina korosho tamu sana."

Nilicheka. Nasema ukweli, nilicheka kwa hofu, kisha nikamwonyesha Mwanajuma wa nyumba ya tatu, naye hana kifua hata kidogo. Hadi adhuhuri ilikuwa hadithi ya mtaa mzima. Mtu mmoja aliyefanya kazi na marehemu ofisini alijibu kwa mstari mmoja: "Tulisubiri shukrani, tumeletewa bei."

Atupele akakimbilia kuomba radhi. Na maskini, hakubadilisha anwani. Jioni watu mia mbili na kumi na wawili wakapata barua ya pili kutoka kwa Ambokile: "Nisameheni, sikukusudia."

Aneth naye alikuwa kwenye kitabu. Alipopiga simu, nilikuwa nimekaa na Atupele barazani.

"Kaka yangu ndiyo umemfanya mchuuzi?"

"Wifi, nisamehe. Sikujua jina lake litatokea."

"Kazi huijui, halafu unatuambia una kazi."

Hakungoja Desemba. Alikuja Novemba, akapokea shikamoo ya Adventina, akamshika mkono. Furushi la nguo nililibeba mimi mpaka stendi. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Baada ya hapo Aneth hakupokea simu. Atupele akafuta majina yote, akafungua anwani yake mwenyewe, na kwenye orodha akabakiza moja tu, ya Aneth. Kila Ijumaa akamwandikia mtoto: kuku ametotoa, jino la mbele limeota? Programu ile huonyesha nani amefungua barua. Kwa majuma saba alikuja mbio kwangu.

"Mama Hashiru, amefungua! Amemsomea!"

Kama alimsomea kweli, Mungu anajua.

Juma la nane aliingia bila mbio, akaweka kompyuta mkekani. Nilisoma mwenyewe: mpokeaji amejiondoa. Orodha haina mtu.

Nikamrudishia kompyuta mapajani. Nilimwambia tu, "Mama Adventina, niandike mimi."

"Nikuandikie nini, nawe uko hapa?"

"Niandike."

Ijumaa iliyofuata simu yangu ililia. "Adventina mwanangu, leo nimepika ndizi unazozipenda." Sikumaliza kuisoma, macho yalikataa. Lakini niliifungua, ili Atupele kule kwake aone kwamba imefunguliwa.